Mposaji Anayeshindwa Naye Ana Heshima Yake

Juzi nilitazama filamu ya mapenzi na vichekesho iliyoniweka roho juu kwa zaidi ya saa nzima, kwa kuwa wanaume wawili waliokuwa wakimgombea msichana mmoja walikuwa wote watu wa maana, wacheshi na wenye mapenzi ya kweli. Ilipobaki robo saa, mmoja akafumaniwa katika uongo ambao hakuwahi kuonyesha hata dalili yake, msichana akalia kidogo, kisha akaenda kwa mwenzake. Nilikasirika, na hasira hiyo haijaniisha.

Mwandishi anayempaka mposaji matope dakika za mwisho humnyang'anya msichana uamuzi wake. Huyo hakuchagua; alibakiwa na mmoja. Kumkataa mwongo hakuhitaji moyo, bali kumkataa mtu asiye na kosa lolote, huku ukijua unamuumiza, ndiko kunakotuonyesha msichana anataka nini maishani.

Waliotangulia walilijua hili. Katika The Philadelphia Story ya mwaka 1940, iliyoongozwa na George Cukor, Katharine Hepburn ni Tracy Lord, ambaye siku ya harusi mchumba wake ameondoka ilhali wageni wamekwisha kuketi. Mwandishi Mike Connor, anayeigizwa na James Stewart, anamposa papo hapo. Tracy anamshukuru na kumkatalia, akimkumbusha kwamba yupo Liz, mwenzake wa kazini anayempenda, kisha anarudiana na mume wake wa zamani, anayeigizwa na Cary Grant, na Connor anasimama kuwa mpambe wa bwana harusi. Stewart alipata Oscar ya mwigizaji bora wa kiume kwa nafasi hiyo ya mwanamume ambaye hakuchaguliwa.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba filamu hiyo haikumtendea haki mchumba rasmi, George Kittredge, aliyechorwa kuwa mtu mkavu. Angalau alichorwa hivyo mapema.

Kuhusu This Means War ya mwaka 2012, ambamo majasusi wawili wa CIA wanampeleleza mwanamke wanayemgombea hadi ndani ya nyumba yake, sikucheka hata kidogo.

Ninachowaomba waandishi ni onyesho moja tu, hata la dakika mbili, ambamo msichana anaketi na yule anayemwacha, anamweleza sababu zake waziwazi, naye anapewa nafasi ya kujibu.