Waliosema ndiyo ni akina nani?

Jumamosi nilikuwa mazishini, na mbunge wetu alikuja kama kawaida yake: amechelewa, na kipaza sauti kikapelekwa kwake hata kabla hajapoa jasho. Alipomaliza nilimfuata hadi garini nikamuuliza, ile sheria ya CDF, hazina ya maeneo bunge inayojenga madarasa na kulipa basari, iliyokataliwa mahakamani, yeye aliipigia kura gani? Akacheka, akanishika bega. "Ndugu yangu, hiyo tulipitisha kama Bunge." Mlango ukafungwa.

Kama Bunge! Hata wezi hugawana kosa vizuri zaidi.

Hebu tukumbushane. Februari 2015 Mahakama Kuu ya Kenya ilisema sheria ya CDF ya 2013 inakiuka Katiba. Waheshimiwa walifanya nini? Waliongeza herufi mbili mbele, NG, yaani Serikali ya Taifa, wakapitisha nyingine mwaka huohuo. Agosti 2022, siku moja kabla ya uchaguzi, Mahakama ya Juu ikaizika rasmi ile ya 2013. Septemba 2024 Mahakama Kuu ikaikataa na hii yenye NG. Mwaka uliofuata Bunge la Taifa likapitisha mswada wa kurekebisha Katiba yenyewe ili hazina yao ipate kikao humo ndani. Mwanafunzi amefeli, sasa anataka kutunga mtihani.

Najua, basari. Mpwa wangu alimaliza kidato cha nne kwa basari hiyo na sisahau. Lakini karo ya mtoto haigeuzi mtunga sheria kuwa mhasibu wa madarasa.

Kinachoniuma hasa ni kwamba hatuwajui. Umewahi kutazama kikao mpaka mwisho? Spika anauliza: wanaoafiki waseme ndiyo. Ndiyo! Wanaopinga waseme la. La, kwa sauti ya watu wanne waliobaki macho. Waliosema ndiyo wameshinda. Imekwisha, sekunde kumi. Hansard, kumbukumbu rasmi za Bunge, itaandika kwamba swali liliulizwa na kukubaliwa. Jina la mtu hata mmoja halimo, isipokuwa wabunge wa kutosha wasimame kudai kura ihesabiwe. Kura yangu mimi ni ya siri kwa sababu ni yangu. Ya kwake ni yangu pia, sasa siri ya nini?

Tofauti tumeiona. Tarehe 25 Juni 2024, siku ambayo vijana waliopinga ushuru mpya waliuawa kwa risasi nje ya jengo hilohilo la Bunge, Mswada wa Fedha ulipita kwa kura 195 dhidi ya 106, na majina yakawa kwenye simu za watu. Ghafla waheshimiwa wakawa na maelezo. Wengine wakaomba radhi. Sikuwahi kusikia mtu akiomba radhi kwa ajili ya kura ya sauti.

Sisemi wafungwe. Kinga ya wabunge katika Kifungu cha 117 cha Katiba ina sababu yake, maana serikali mbaya ingeanza kuwafunga wale wanne wa "la". Na majaji nao hutofautiana: Sheria ya Fedha ya 2023 ilifutwa na Mahakama ya Rufaa, miezi mitatu baadaye Mahakama ya Juu ikairudisha. Kukosea mara ya kwanza, sawa, nawapa hiyo. Kupitisha tena kitu kilekile baada ya kuambiwa na jaji si kukosea.

Mtasema tuna haki ya kumwondoa mbunge, Kifungu cha 104. Tunayo. Masharti waliyotunga ya kutekeleza haki hiyo yaliwekwa vizingiti vingi hivi kwamba mwaka 2017 Mahakama Kuu iliyatangaza kuwa yanakiuka Katiba. Nimeandika sentensi hiyo nikacheka peke yangu.

Basi nataka mambo mawili tu. Kila mswada, kura ya mwisho ipigwe kwa majina. Na sheria ikifutwa kisha ikarudishwa kwa jina jipya ikafutwa tena, gharama za mawakili zikatwe kwenye marupurupu ya waliosema ndiyo mara ya pili, badala ya kuchotwa kwa mlipa ushuru.

Kuna mazishi mengine Jumamosi hii. Nitasimama upande wa mlango wa gari.