Nani akufundishe kukaa mbele ya maikrofoni?

Novemba 2019 Shirika la Viwango la Kenya, KEBS, lilisimamisha leseni za chapa tano za unga wa mahindi kwa sababu ya sumukuvu, sumu inayotokana na ukungu kwenye nafaka. Mwenye kinu yeyote, awe Eldoret au Iringa, ajiweke katika asubuhi ya namna hiyo. Saa moja kasoro simu inaita, ni redio, wako hewani, na mtangazaji ana swali moja: "Unga wako ulioko dukani leo ni salama?" Anayesubiri jibu ni mama ambaye maji ya uji yanachemka jikoni kwake.

Naanza na asubuhi hiyo kwa sababu wafanyabiashara wengi huchagua mkufunzi wa mahojiano kwa kuangalia wasifu wake na orodha ya kampuni alizopitia. Kinachotakiwa kuulizwa ni kama mtu huyu anaweza kukuandaa kwa simu ile.

Wanaouza kazi hii wametoka pande mbili. Wapo waliokuwa waandishi na watangazaji, na wapo washauri wa mawasiliano waliokulia katika ofisi za uhusiano wa umma. Mwandishi wa zamani anajua swali linazaliwaje, na anajua kwamba katika dakika ishirini za mazungumzo mhariri atabakiza sekunde kumi. Sikio lake limezoea kusikia sentensi itakayokuwa kichwa cha habari. Mtambo wa kuchimba mafuta wa Deepwater Horizon ulipolipuka Aprili 2010 katika Ghuba ya Meksiko, watu 11 walikufa. Mwishoni mwa Mei, mkuu wa BP, kampuni ya mafuta iliyokuwa ikiutumia mtambo huo, Tony Hayward, aliwaambia waandishi kuwa anatamani arudishiwe maisha yake. Aliomba radhi, lakini maneno hayo hayakumwachia, na Oktoba mwaka huohuo nafasi yake ilikuwa na mtu mwingine. Naamini mtu aliyekaa miaka mingi kwenye chumba cha habari angeyadaka hata katika mazoezi, angesimamisha kamera na kumuuliza: wafiwa wa wale 11 wakikusikia, wataelewa nini?

Hata hivyo, mwandishi anaijua meza kutoka upande mmoja. Hajawahi kubanwa kati ya mwanasheria anayesema nyamaza, mamlaka inayosubiri taarifa na wafanyakazi wanaosikia habari za kiwanda chao kwenye daladala. Hapo mshauri wa mawasiliano ana thamani yake: atapanga nani aongee, nani aambiwe kwanza, na kipi kisisemwe kwa kuwa kesi iko mahakamani. Udhaifu wake ni ile desturi ya kukaririsha watu "ujumbe mkuu" na kuwafundisha kuurudia hata wakiulizwa jambo jingine. Mwaka 1997 kwenye BBC, mtangazaji Jeremy Paxman alimuuliza mwanasiasa wa Uingereza Michael Howard swali lilelile takriban mara 12, na mpaka leo watu wanakumbuka kukwepa kwake. Swali la ndiyo au hapana likijibiwa kwa kauli mbiu, msikilizaji huhesabu hapana.

Kwa biashara ndogo na ya kati mimi naegemea kwa mwandishi, kwa sharti moja nisilolilegeza: awe ameshatoka kazini. Ukimlipa mtu ambaye kesho ndiye atakayeandika habari zako, hiyo ni bahasha iliyobadilishwa jina, hata kama mafunzo yenyewe ni mazuri. Siku habari ikilipuka, yeye atashindwa kuuliza kwa uhuru na wewe utaanza kudai fadhila.

Jambo linaloniuma zaidi ni lugha. Mafunzo mengi huendeshwa kwa Kiingereza, na meneja hutoka akijiamini. Kisha redio inapiga kwa Kiswahili, naye anaanza kutafuta maneno: sumukuvu, sampuli, kiwango kinachoruhusiwa. Wateja wanasikia kigugumizi na kukichukua kama uongo. Mkufunzi asiyeweza kukuhoji kwa lugha ya wateja wako hafai, hata awe ametokea London.

Mjaribu kabla ya kulipa. Mwombe akuhoji dakika kumi kwa Kiswahili huku simu ikirekodi, kisha msikilize pamoja. Akikusifu tu, mshukuru na uendelee kutafuta. Uliza pia darasa lina watu wangapi. Thelathini kwenye ukumbi wa hoteli watasikiliza mhadhara, lakini watatu au wanne kila mmoja atakaa mbele ya kamera, ajione, kisha arudie.

Halafu angalia anafanya nini mnapofika kwenye swali lile la unga. Wengine watakutafutia maneno laini. Yule wa kumshika ni atakayekuuliza majibu ya maabara yako wapi, na akigundua hayapo, atafunga daftari lake na kukwambia nenda ukapime kwanza, ndipo uniite.