Mradi wa kuboresha ufundishaji ambao haukuingia darasani

Nimetoka kwenye warsha ya kufunga mradi na hasira bado ninayo. Ulikuwa mradi wa ushirikiano baina ya vyuo, wa kuboresha ufundishaji na ujifunzaji; bango lilisema hivyo na mgeni rasmi akarudia. Tulishinda kwenye ukumbi wa hoteli hapa Mbeya, slaidi baada ya slaidi, na mle ndani hapakuwa na mwanafunzi hata mmoja. Nilinyoosha mkono nikauliza: tangu mradi uanze, ni wahadhiri wangapi wamewahi kuketi kwenye darasa la mwenzao wakaona anavyofundisha? Nikaambiwa swali ni zuri, litazingatiwa awamu ijayo. Kikao kikahamia ajenda nyingine.

Mimi naona mradi wote ulipaswa kuanzia kwenye swali hilo.

Tazameni jinsi mtu anavyokuwa mwalimu wa chuo kikuu hapa kwetu. Anamaliza shahada ya kwanza na GPA ya 3.8 kwenda juu, anaajiriwa ngazi ya chini, anakwenda kusoma uzamili, anarudi, anakwenda uzamivu. Kote huko anapimwa kwa anachokijua. Mwalimu wa darasa la kwanza hapewi chaki kabla hajaenda BTP, yaani mazoezi ya kufundisha shuleni, akaandika andalio la somo, na mtu akaketi nyuma ya darasa kumkagua. Mkwawa pale Iringa, chuo kikuu kishiriki cha Dar es Salaam tangu 2005, kazi yake kubwa ni kuandaa walimu. Wahadhiri wa vyuo kama hicho husafiri hadi shule za sekondari vijijini kuwaona wanafunzi wao wakifundisha, wanakaa benchi la nyuma na fomu mkononi. Na wao wenyewe, nani anakaa benchi lao la nyuma? Vyuo kadhaa vina mafunzo mafupi kwa waajiriwa wapya, hilo nalikubali. Mtu anahudhuria, anapewa cheti, kisha anafunga mlango wa darasa lake na haingii mtu mwingine mpaka astaafu.

Dawa ya jambo hili haihitaji fedha za wafadhili. Walimu wa Japani wana utaratibu ulioanza zaidi ya miaka 100 iliyopita. Walimu wachache wanakaa pamoja na kuchagua somo moja linalowasumbua wanafunzi. Wanaliandaa wote: tuanze na swali gani, mwanafunzi atajibu nini, akikwama tumsaidieje. Mmoja wao analifundisha. Wengine wanaingia darasani, lakini macho yao yako kwa wanafunzi: nani ameacha kuandika, nani anamnong'oneza jirani, kundi lile la dirishani limepotelea wapi. Baadaye wanakaa tena, wanalirekebisha somo, na mwingine analifundisha upya kwa darasa jingine. Zambia, hapo tu ukivuka Tunduma, walianza jambo hilihili mwaka 2005 katika Jimbo la Kati kwa msaada wa JICA, shirika la misaada la Japani, katika shule za kawaida zenye wanafunzi wengi na vitabu vichache, kisha likaenea majimbo mengine. Tunapakana nao. Malori yanapita hapa usiku na mchana kwenda kwao. Hili nalo lingeweza kuvuka mpaka.

Kinachonigusa zaidi katika utaratibu huo ni kwamba somo linakuwa mali ya wote. Nyie mliofanya kazi vyuoni mnaelewa uzito wa hilo. Mhadhiri msaidizi hawezi kumwambia profesa kwamba mfano wake wa tatu uliwachanganya wanafunzi. Hawezi! Profesa huyo ndiye atakayesaini fomu zake, ndiye atakayekaa kwenye kamati ya kumpandisha cheo. Lakini kama mfano huo waliutunga wote juzi wakiwa meza moja, basi kilichoanguka ni mfano, na kijana anaweza kusema bila woga: hapa palikuwa pagumu, tubadilishe. Nimeona wahadhiri vijana wenye akili nyingi wakinyamaza miaka na miaka, na nimeona maprofesa wazuri wakizeeka bila mtu wa kuwaambia ukweli. Wote wawili wanaumia, na mwanafunzi aliyeuziwa ng'ombe na wazazi wake ili afike hapo anaumia kuliko wote.

Mwaka jana nilikaa jirani na dada mmoja kwenye msiba. Anafundisha takwimu kama mimi, chuo kingine hapahapa jijini. Tulipokuwa tukisubiri mazishi akaniuliza, "Mwalimu, wewe wanafunzi wako unawaelewesha vipi namba zinavyotawanyika kuuzunguka wastani? Wangu walikuwa wanakariri kanuni tu." Nikamwambia hata wangu wanakariri. Akasema yeye siku hizi anawapeleka Uyole, hapahapa Mbeya, kupima viazi. Wanafunzi wanachukua mizani, wanapima magunia ambayo kila mmoja anaambiwa ni gunia moja, na wanakuta hakuna mawili yanayolingana. Sheria inasema gunia lisizidi kilo 100; lumbesa, gunia lililojazwa kupita kiasi, inazidi, na kila lumbesa inazidi kivyake. Wanarudi darasani na namba walizozitolea jasho. Hapo ukiwauliza kwa nini wastani peke yake haumsaidii mkulima, darasa zima linataka kujibu. Nusu yao ni watoto wa wakulima wa viazi.

Dada huyo alikuwa na jambo hili kwa muda mrefu, nami nilikuwa nafundisha mada ileile kilomita chache kutoka kwake. Imetubidi tufiwe ndipo tuzungumze. Hebu hesabuni wenyewe: Mbeya mjini tuna MUST, TEKU, Chuo Kikuu Katoliki, kampasi ya Mzumbe, na chuo cha afya cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Iringa mjini kuna Mkwawa, Chuo Kikuu cha Iringa na RUCU. Takwimu, stadi za mawasiliano, mbinu za utafiti, masomo haya yanafundishwa kwenye vyuo vingi kati ya hivyo, na wanaoyafundisha hawajuani.

Najua nitaambiwa madarasa ni makubwa. Ni kweli, ni makubwa mno. Lakini profesa Eric Mazur pale Harvard, Marekani, kuanzia 1991 alifundisha fizikia kwenye kumbi kubwa kwa kuuliza swali, kila mwanafunzi anachagua jibu, kisha anabishana na jirani yake kabla ya kuchagua tena. Ukilijaribu hapa, mabishano yanakuwa kwa Kiswahili, na mara nyingine Kinyakyusa au Kihehe, halafu jibu linaandikwa kwa Kiingereza. Waacheni wabishane. Uelewa unajengwa kwenye mabishano hayo, na mwanafunzi aliyekuwa anangoja desa, yaani notisi za kudurufu, kutoka steshenari anajikuta anatetea hoja yake mwenyewe.

Mradi wa serikali wa elimu ya juu, HEET, umeleta mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425 kuanzia 2021, na majengo yake yanahitajika. Siwezi kubeza jengo wakati wanafunzi wanasikiliza somo wakiwa dirishani. Jengo likishakamilika, hata hivyo, atakayeingia kufundisha ni yuleyule. Na kupanda kwake cheo bado kutategemea machapisho. Wakuu wa vyuo, nawaomba kwa heshima zote: saa ambazo mhadhiri anaketi darasani kwa mwenzake zihesabiwe kuwa kazi. Ziingie kwenye ratiba na kwenye faili lake.

Mimi na dada yule hatusubiri awamu ijayo. Muhula huu tunaandaa somo moja pamoja, la sampuli, kwa kutumia magunia yaleyale ya Uyole. Yeye atafundisha kwanza kwake, mimi nitakuwa nyuma na daftari pamoja na wanafunzi wawili niliowaomba waje kutuambia walipopotea. Wiki inayofuata nitafundisha mimi, naye atakuwa nyuma. Kama unafundisha takwimu hapa Mbeya, au uko Iringa na unaweza kufika, njoo ukae nasi benchi la nyuma. Nauli kila mtu atajilipia, na mwanzoni mwa kipindi nitawaeleza wanafunzi kwa nini mmekuja.