Watu wa Beroya na sisi

Jioni ya Jumamosi, tarehe 1 Februari 2020, umati ulijaa uwanja wa Majengo mjini Moshi kwa ibada. Ukafika wakati wa kukanyaga mafuta ya upako yaliyomwagwa chini. Watu wakakimbilia mahali pamoja, wakasukumana, na 20 kati yao wakafa kwa kukanyagwa.

Siwezi kuwalaumu. Mtu huenda kwenye mkutano kama ule akiwa na mtoto anayeugua mwaka wa tatu, au mume ameondoka bila kuaga, na kila mlango mwingine amekwisha kuubisha. Shida ya namna hiyo haimpi mtu nafasi ya kukaa chini na kupima mambo. Ninaojiuliza juu yao ni sisi tuliobaki, tuliokua tukisikia kwamba mwenye imani haulizi. Je, ndivyo imani yetu inavyosema?

Wanaosema tusiulize wana andiko lao, nalo linatembea sana: "Msiwaguse masihi wangu, wala msiwadhuru nabii zangu." Uliza hesabu ya sadaka, utajibiwa hivyo. Uliza mbona yule aliyetangazwa kupona mwezi uliopita amezikwa juzi, utajibiwa hivyohivyo. Lakini mstari huo ni wa 15 katika Zaburi ya 105, na mistari iliyo juu yake inawataja Ibrahimu, Isaka na Yakobo. Walikuwa watu wachache, wageni wasio na nchi, wakitangatanga toka taifa hata taifa, na Mungu akawakemea wafalme kwa ajili yao. Onyo lile lilimlinda mgeni asiye na mtetezi mbele ya mwenye nguvu. Leo linatumika kumlinda mwenye kipaza sauti dhidi ya mjane aliyetoa akiba yake. Huko ni kuligeuza andiko likatazama kule lilikotoka, na linaniuma kuona linavyopokewa kwa "amina" bila mtu hata mmoja kufungua Biblia aliyoishika mkononi.

Agano Jipya nalo halimnyamazishi muumini. Luka, katika Matendo 17:11, anawasifu watu wa Beroya kwamba walilipokea neno kwa uelekevu wa moyo, kisha "wakayachunguza maandiko kila siku, waone kwamba mambo hayo ndivyo yalivyo". Aliyekuwa akiwahubiria ni Paulo mwenyewe, na hakuna aliyewaita waasi, wameitwa waungwana. Paulo naye, alipomwona Petro kule Antiokia akiacha kula na ndugu wa mataifa, yaani wasio Wayahudi, kwa kuwaogopa waliotoka kwa Yakobo, kiongozi wa kanisa la Yerusalemu, alishindana naye uso kwa uso. Katika kisa hicho cha Wagalatia sura ya 2 kuna mtu ambaye mahubiri humruka: Barnaba. Ni yule mtu mwema aliyemtetea Paulo Yerusalemu wakati wanafunzi wote wakimwogopa. Hata yeye "akachukuliwa na unafiki wao". Sidhani alikaa akapanga kuwa mnafiki. Wenzake waliinuka mezani, naye akainuka. Ninamtazama Barnaba najiona mimi.

Hata hivyo upande wa pili una hoja nzito, na sisi tunaopenda kusema "ninafikiri mwenyewe" huipita haraka mno. Hoja hiyo inaitwa Shakahola, msitu wa Kenya ambako wafuasi wa mhubiri mmoja walifunga hadi kufa. Mhubiri huyo, Paul Mackenzie, ambaye amekana mashtaka ya vifo hivyo mahakamani, hakuwa mtu wa kufuata mkumbo. Alifundisha dhidi ya shule na hospitali, na mwaka 2019 akaipinga Huduma Namba, namba ya utambulisho ya kila mkazi, wakati serikali ya Kenya ikiihimiza nchi nzima. Nadhani waliomfuata hadi msituni Kilifi walijiona wachache walioamka huku dunia yote imelala. Kuanzia Aprili 2023 ikafukuliwa miili zaidi ya 400, mingi ikiwa na dalili za njaa. Kuukataa umati hakukumwokoa mtu pale. Waliuhama umati mkubwa wakaingia mdogo, ambao ulikuwa mgumu zaidi kutoka.

Ndiyo maana siwezi kuwapuuza wazee wa makanisa ya zamani wanaposema kwamba Biblia haikuandikwa ili kila mtu ajifungie nayo chumbani na kutoka na dini yake. Wana katekisimu, wana sinodi, wana karne nyingi za watu waliokwisha kukosea na kusahihishwa. Filipo alipomkuta yule towashi wa Kushi akisoma Isaya garini, alimwuliza kama anayaelewa anayoyasoma. Mtu yule alikuwa msomi, mtunza hazina wa malkia, na bado alijibu kwamba hataweza kuelewa mtu asipomwongoza. Tena ukirudi Beroya utaona kwamba Luka hamtaji mtu mmoja aliyechunguza. Anasema "wakayachunguza". Walikuwa wengi.

Mfano unaonivuta zaidi ni wa ndugu wa Uamsho, ule uliochipuka Rwanda na Uganda miaka ya 1930 ukaenea hadi Kenya na Tanganyika. Miaka ya 1950, katika nchi ya Wakikuyu, wengi wao walikataa kula kiapo cha Mau Mau kwa sababu walikwisha kunywa damu ya Kristo, na wako waliouawa kwa jibu hilo. Wako pia waliokataa bunduki za serikali ya mkoloni. Mtu anaweza kubishana nao kuhusu siasa, maana ardhi ilikuwa imeporwa kweli na walioapa walikuwa na sababu. Lakini walisimama kati ya makundi mawili yenye silaha, na hawakuweza kusimama vile kwa akili ya mtu mmojammoja. Walikuwa na ushirika wa kila wiki ambamo ndugu waliambiana ukweli, na mchungaji aliungama dhambi zake mbele ya mkulima asiyejua kusoma. Baadaye ushirika huohuo nao, mahali pengine, ukaota mkumbo wake: nywele ziwe hivi, ushuhuda utamkwe kwa maneno yaleyale, na asiyeyatamka akaonekana hajaokoka.

Kwa hiyo siangalii tena kama mtu yuko na wengi au na wachache. Ninaangalia kama anayeongoza anaulizika. Mchungaji mwenye watu 30,000 anaweza kuulizika, na nabii mwenye watu 12 sebuleni akawa hagusiki. Na ninawaza mahali ambapo kuulizana huko kungekaa vizuri, nami naona tunapo tayari: jumuiya. Wakatoliki na Walutheri wanazo mtaani, watu kumi au kumi na watano kwenye mkeka wa mtu. Tatizo, kwa uzoefu wangu, ni kwamba Injili inasomwa haraka ili tufike kwenye karatasi ya michango.

Mwaka jana katika jumuiya yetu tulisoma Matendo sura ya 12. Msichana wa kidato cha tatu akamgeukia mzee wa kanisa: "Babu, mbona Petro alifunguliwa gerezani na malaika, na Yakobo sura hiyohiyo akauawa kwa upanga? Kanisa halikumwombea Yakobo?" Tukanyamaza. Mama mmoja akaanza kusema kwamba mambo ya Mungu hayahojiwi, mzee akainua mkono taratibu. "Mjukuu wangu, sijui," akasema. "Turudie kusoma." Tukaianza sura tangu mstari wa kwanza, kila mtu akisema anachokiona, hadi jua likawa kali, na karatasi ya michango ikabaki mfukoni mwake hadi Jumamosi iliyofuata.