X ya Bibi

Bibi alinipigia simu asubuhi na mapema kutoka Ujiji, hapa Kigoma, hata shikamoo yangu hakuingojea. "Nani kanichorea ukuta?" Nikapanda bodaboda kutoka Mwanga, nikakuta X nyekundu yenye ukubwa wa mlango, na chini yake SIMAMISHA. Watu wa manispaa wameipiga ukuta wa mbele, ule aliojenga babu kabla sijazaliwa. Msingi mpya, ambao ndio wenye kosa, uko uani. Haukuguswa.

Kosa lenyewe ni chumba kimoja, mita tatu kwa tatu na nusu, na choo cha ndani. Magoti ya bibi yamegoma, na choo cha nje usiku wa mvua ni safari. Nilianza bila kibali cha ujenzi, nakiri. Haya, nikakifuata.

Hati? Bibi ana karatasi ya mauziano iliyochanwa kwenye daftari, imesainiwa na balozi wa nyumba kumi ambaye keshatangulia mbele za haki. (Habari ya viwanja visivyopimwa nitaiandika siku nyingine, leo nitapandisha presha.) Ramani? Ya chumba tu haitoshi, nikaambiwa nilete ya nyumba nzima, nyumba ambayo tangu ijengwe haijawahi kuwa na ramani. Mchoraji hakukanyaga Ujiji. Alichora kwa picha nilizomtumia WhatsApp, na kazi ikarudi nzuri kweli, ina gereji. Bibi hana hata baiskeli! Nikamwambia aitoe, akaitikia, akachapa nakala zote na gereji yake. Hela ya kuchapa upya sikuwa nayo. Nikapeleka hivyo hivyo, ikazunguka meza ya ardhi, ya afya, ya mhandisi, kila meza ikagonga mhuri. Gereji ya bibi ina kibali, jamani.

Hapo ndipo uchungu wangu ulipo. Ada nimelipa na foleni nimekaa. Kuanzia X mpaka mhuri, hakuna mtu hata mmoja aliyechungulia ule mtaro wa msingi akauliza una kina gani, nondo ni za unene gani, zege limechanganywaje, shimo la choo liko umbali gani na kisima cha jirani. Aliyekuja aliniuliza karatasi, akaangalia karatasi, akaondoka. Halafu utaratibu huu huu mzito ndio unaowafanya watu wajenge kwa kujificha. Fundi wangu alinishangaa kabisa: "Dada, kibali cha huku ni wikendi." Maana yake Ijumaa jioni mchanga unashushwa, usiku zege linamwagwa kwa tochi za simu, Jumatatu ofisi zikifunguliwa ukuta uko kwenye linta. Msingi, sehemu inayohitaji jicho kuliko zote, ndiyo inayojengwa gizani.

Msinielewe vibaya, sisemi kila mtu ajenge atakavyo. Kariakoo tuliiona Novemba 2024, ghorofa lilipoporomoka na watu ndani. Na sisi hapa tunakaa juu ya bonde la ufa. Lile tetemeko la Desemba 2005 lilipiga ng'ambo ya Ziwa Tanganyika na huku tukalisikia. Ziwa nalo lilipopanda 2020 na 2021 liliingia vyumbani mwa watu ufukweni. Kwa hiyo sawa, kibali kiwepo. Nimesema sawa.

Lakini kwa chumba kimoja nipeni fomu ya ukurasa mmoja, na fundi sanifu wa kuja mara mbili: kabla zege halijamwagwa, na kabla hatujaezeka. Hiyo ada nitalipa huku nacheka, na nauli ya bodaboda yake juu yangu. Kuijua nyumba hawashindwi. LUKU, umeme wa kulipia kabla, inamkata bibi kodi ya jengo 1,500 kila mwezi, 18,000 kwa mwaka, haijawahi kumwomba hati wala ramani.

Fundi anapiga bati Jumamosi. Mchana, kwa raha zetu. X bado ipo, nilitaka kuipaka chokaa bibi akakataa, anasema aliyeichora aje aifute mwenyewe. Kwa sasa amefunga kamba mbele yake, anaanikia kanga.