Mama Mkubwa na "mchezo wa kanisa" London

Tiketi sikununua mimi, hilo liwekwe wazi mapema kwa waumini wenzangu wote wa kata yetu, yaani usharika wetu, ambao wameshaiona ile picha. Alinipa msimamizi wetu kazini. Mi napiga kazi hotelini upande wa kumbi za sherehe, kubeba masinia na kujazia watu glasi, na yule mama wa Kiingereza alishasikia kwamba mi ni Mormoni nisiyegusa hata chai ya rangi, sasa siku hiyo kuna mgeni kaahirisha mambo yake kaacha tiketi mbili za The Book of Mormon, onyesho la muziki lenye jina la kitabu chetu kitakatifu, yule mama akaona haa, hii si ndo ya kwao kabisa, akanipa kwa roho safi.

Onyesho lile nalijua ni la nini. Limetungwa na Trey Parker na Matt Stone, wale wa katuni ya South Park, wakiwa na Robert Lopez, likaanza Broadway kule New York 2011 na mwaka huohuo likazoa tuzo 9 za Tony, zile kubwa za maonyesho ya jukwaani, London likaingia 2013 pale Prince of Wales Theatre na watu wanajaa mpaka leo. Ni la kututania sisi mwanzo mwisho, mabamba ya dhahabu kilikotoka kitabu chetu, malaika Moroni aliyeyaonyesha, mashati meupe ya wamisionari, hawakuacha kitu. Mpango wangu ulikuwa niziuze fasta.

Tatizo Mama Mkubwa. Alikuwa kaja kutoka Mwanza kumwangalia bintiye aliyejifungua, akaziona juu ya friji. Kabla sijatoka bafuni ameshapiga picha ameshatupia kwenye grupu la ukoo, "kesho naenda tamthilia ya Kitabu cha Mormoni London, Mungu ni mwema", na amina zinamiminika kutoka Mwanza mpaka Kampala. Ukumbuke huyu mama kafanya biashara Kampala miaka mingi, mitumba ya Owino, na ubatizo wake kaupatia hukohuko.

Nikamwambia mama, hili la utani, wanatucheka. Akanitazama. "Na Yesu alichekwa. Uniamshe saa ngapi?"

Na hapo sikuwa na la kujibu, maana hata kanisa lenyewe halikuandamana. Lilitoa tamko fupi tu kwamba onyesho linaweza kuwaburudisha watu jioni moja ila kitabu chenyewe kinabadilisha maisha ya mtu daima, basi. Onyesho lilipofika Los Angeles 2012 kanisa likaenda kununua matangazo mlemle ndani ya kijarida cha onyesho, umeshaona mchezo, sasa soma kitabu. Aliyebuni lile mi namvulia kofia.

Siku yenyewe nimetoka shifti moja kwa moja, tukakutana Piccadilly Circus. Nina shati jeupe, suruali nyeusi, tai nyeusi na kile kibati cheusi cha jina kifuani tunachovaa wahudumu, yaani kama wamisionari wetu kabisa. Mama Mkubwa kaja na gauni la kitenge, kilemba cha kwenda juu, na mkoba wenye Kitabu cha Mormoni cha Kiswahili. Aliponiona akafurahi, "angalau leo umevaa kama mtu".

Taa zikazimwa. Wanaanza wamisionari na mashati yao wanabonyeza kengele za milango, ding dong, hello! Mama Mkubwa kwa sauti ya sokoni: "Karibuniii!" Mstari mzima ukaangua kicheko, yeye akadhani wamefurahi pamoja naye, akapiga makofi. Yaani dakika zile za mwanzo alikuwa na raha, kuna kijana mle anaomba apangiwe utume Orlando na anapangiwa Uganda, mama akacheka mpaka machozi, anasema ndivyo walivyo, wote wanataka pa raha.

Halafu ikaja Uganda yenyewe. Vijana ndo kwanza wamefika wanaporwa mabegi na watu wenye bunduki, kijiji kizima dhiki na maradhi, afu watu wanaimba wimbo mtamu kwa lugha isiyo ya Uganda wala ya popote huku wamemnyooshea Mungu kidole cha kati. Nikafumba macho. Nikajua sasa hivi anaanguka au anasali kwa sauti.

Akaniinamia sikioni. "Hii Uganda ya wapi? Kampala haina hata boda moja?"

Yaani Mungu katukanwa na yeye anatafuta boda! Akaendelea, kwamba Mzee (ndivyo tunavyowaita wamisionari wetu wa kiume) aliyembatiza yeye ni Mganda, mtoto wa Jinja, Kiingereza chake kimenyooka kuliko hawa, sasa kwa nini kwenye mchezo wao wanaojua dini wote Wazungu na Waganda kazi yao kuumwa? Na hakuwa peke yake, maana 2020 waigizaji weusi waliowahi kucheza humo waliandika barua kulalamikia jambo hilohilo na watunzi wakakaa wakarekebisha sehemu kadhaa. Mama Mkubwa anasema wapewe nyingine wakarekebishe tena.

Mapumziko yalipofika akanyanyuka, "nataka kuongea na wahusika", akapotelea kwenye umati na mi nyuma yake. Ndo balaa langu likaanzia hapo. Shati jeupe, tai, kibati. Kikundi cha akina dada wenye sherehe ya bibi harusi mtarajiwa, wale wanaovaa mikanda ya waridi, wakanidaka mlangoni wakijua mi ni mwigizaji nimeshuka jukwaani. Kila nikisema samahani namtafuta mama mkubwa wangu wanazidi kucheka, wanaona ndo sehemu yangu. Mmoja kanikumbatia huku, mwingine kule, wa tatu kanishikisha glasi yake ya mvinyo ili mikono iwe huru apige picha, na nyuma yetu bango kubwa The Book of Mormon.

Nikamwona Mama Mkubwa nje barabarani. Nikakimbia, glasi mkononi, akina dada nyuma yangu.

Kumbe nje kulikuwa na wamisionari wa kweli, Wazee wawili, na usishangae huo uzee, ni vijana wa miaka 19 ndevu hazijaota, wamesimama na boksi la vitabu wanawagawia watu. Wananiona natoka mle ndani. Ndugu zangu, mmisionari haruhusiwi kuachana na mwenzake, hata akienda dukani wanaongozana. Sasa hawa wanaona mmisionari yuko solo, ana mvinyo, kazungukwa na wanawake. Yule mrefu akapauka. "Mzee... mwenzako yuko wapi?"

Nikasema mi mhudumu wa hoteli. Mwenzake kashatoa simu anamtafuta rais wa misheni, mkuu wao.

Aliyeniokoa ni Mama Mkubwa, ingawa hata yeye alikuwa bize. Watu walikuwa wamemzunguka wanarekodi na simu, kafungua kitabu anashusha ushuhuda kwa Kiswahili, kila akimaliza sentensi wanashangilia, wanajua ni kionjo cha sehemu ya pili. Mzungu mmoja aliyesema "Mormon" akasimamishwa hadharani: siyo Mormon, ni Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, nabii alituomba 2018 tuliite kwa jina lake kamili! Wakapiga makofi. Ndipo akaniona na ile glasi. Akaichukua, akaimwaga kwenye mfereji mbele ya mwenyewe, akawageukia Wazee akawaambia huyu ni wangu, simu irudi mfukoni. Ikarudi.

Nilidhani tunaenda nyumbani. "Wapi! Tiketi imelipiwa." Tukarudi ndani.

Sehemu ya pili alikaa kama anasahihisha mitihani. Kule Waganda wanakubali kubatizwa, ila kijana anayewafundisha, Mzee Cunningham, hajawahi kukisoma kitabu chenyewe kwa hiyo anabumba, anachanganya maandiko na habari za Star Wars na vyura. Ukumbi unavunjika mbavu. Mama Mkubwa, mwalimu wa Shule ya Jumapili, haoni cha kuchekesha. "Hajaandaa somo. Hata kwetu wapo." Akataja majina. Mengine ni ya ndugu zetu.

Tuko kwenye basi picha ikaanza kutembea, kuna kijana wa kata alipita pale nje. Askofu, kiongozi wa kata yetu, kanipigia, nimemweleza nilivyowaeleza nyie, kanyamaza muda mrefu, afu kaniuliza kama mama ana video ya ule ushuhuda.

Mama yeye alikuwa anahesabu. Kitabu chake cha Kiswahili kuna Mzungu alikinyakua akamshindilia pauni 20 mkononi akijua ni bidhaa za onyesho, kila akirudishiwa hataki. Basi akanipa 2 za fungu la kumi nikamlipie Jumapili. Tukapita tangazo la onyesho lingine, masista wa Kikatoliki wanarukaruka na majoho yao, akalisoma taratibu mpaka basi likaondoka.

"Hili sasa zamu ya Wakatoliki," akasema. "Hizi 18 zinatosha tiketi?"