Maganda, kiporo na lawama kwa familia za Kampala

Agosti 2024 jaa la Kiteezi, pembezoni mwa Kampala, liliporomoka na kuua watu zaidi ya 30. Tangu hapo, taka zikitajwa tu, lawama huishia jikoni: jaa lilijaa maganda na mabaki ya chakula, basi familia zinafuja. Kwangu shtaka hilo lina ukweli nusu.

Tuanze na hesabu. Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa linakadiria kuwa mwaka 2022 dunia ilitupa tani bilioni 1.05 za chakula, asilimia 60 zikitoka majumbani. Lakini humo yamo na yasiyolika: maganda, mifupa, kokwa. Kwa watu wanaomenya matoke kila siku, hilo si jambo dogo. Kule Masaka ganda analila mbuzi, au linarudi kwenye migomba kuwa mbolea. Ganda hilohilo likimenywa Kawempe, hapa Kampala, kwenye chumba kisicho na ua, linaishia kwenye gunia la taka. Mama wa Kawempe amefuja nini?

Halafu kuna bei. Mkungu mzima ni nafuu kuliko kununua fungu dogo kila siku, kwa hiyo mwenye watoto wengi huununua akipata pesa. Ndani ya siku chache, chini ya bati la moto, matoke yanaanza kuiva na hayafai tena kwa chakula cha mchana. Maharagwe nayo, bila friji, yakilala huchacha. Anayeyamwaga anawakinga wanawe na kuharisha, na hakosei.

Hata hivyo siwezi kututetea kwa yote. Tunampikia mgeni ambaye hajabisha hodi, kwa kuwa sufuria tupu mbele ya mgeni ni aibu. Mwezi wa Ramadhani ndiyo zaidi: futari inajaa mkeka, wali unabaki, na kesho yake tunapika kipimo kilekile. Ukarimu huo nimelelewa nao na ninaupenda. Ila zamani sahani ilivuka kwa jirani kabla ya usiku. Siku hizi geti limefungwa, na watoto hawataki kiporo.

Ningeanza na ganda. Litengewe gunia lake mtaani, lichukuliwe na wafugaji wa Wakiso, wilaya jirani na Kampala, ambao tayari wanalisha mifugo yao maganda ya mjini. Kipimo cha wali wa futari tutakizungumza wenyewe, mkekani.